Siti ya kushoto

Haya ndo niliyoongea Jumamosi usiku kwenye kikao chetu cha kufungua msimu wa autokrosi, mchezo wetu wa kuendesha gari kati ya koni kwa kushindana na saa, hapa Mbeya. Wengi mliniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Na nyie mliotoka Iringa na Makambako kuja kulala kwenye baridi letu, kamwene, poleni na barabara, najua mmepanda Mlima Nyoka nyuma ya foleni ya malori na migongo bado inawauma. Chai ipo, maandazi yapo, msione aibu kunyanyuka wakati naongea.

Nimeambiwa niongee dakika kumi, usalama na ratiba basi. Usalama nitausema na ratiba nitaisema, ila kuna kitu kimenikaa rohoni toka mwisho wa msimu uliopita na nisipokitoa leo sitalala.

Mnaikumbuka siku ile ya mwisho, Oktoba, vumbi mpaka kwenye meno. Alikuja kijana mmoja na Vitz nyeupe, akapaki kule mwisho kwenye uzio peke yake, akalipa kiingilio kama sisi wote. Akapiga raundi zake nne. Ya kwanza akapotea kwenye koni, ya pili akapotea tena pale pale, ya tatu akamaliza ila akaangusha koni tatu, yani sekunde sita juu ya muda wake, ya nne akamaliza safi bila kugusa kitu na akawa wa mwisho kwa sekunde 14. Na katika muda wote huo, toka saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, hakuna hata mtu mmoja aliyeenda kwenye dirisha lake kumwambia habari ya asubuhi. Tulikuwa wapi? Tulikuwa tumeizunguka ile Subaru, boneti juu, tunaongelea turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, na mimi nilikuwepo hapo hapo na kikombe changu cha chai mkononi. Aliondoka kabla hatujasoma matokeo.

Wiki iliyofuata akaja dukani kwangu Mwanjelwa kutafuta pedi za breki. Nikamtambua, nikamuuliza mwanangu mbona siku ile uliondoka mapema. Akaniangalia akasema, "Mama, nilidhani ile ni ya wenyewe."

Ya wenyewe. Toka siku hiyo hilo neno halijanitoka.

Sasa kwa wale mliokuja leo mara ya kwanza nieleze mchezo haraka ili tuwe pamoja. Autokrosi siyo kukimbizana. Tunapanga koni uwanjani, gari inaingia moja, inashindana na saa, inatoka, inaingia nyingine. Asubuhi kabla ya yote tunatembea njia nzima kwa miguu tuijue. Ukiangusha koni au ukiisogeza ikatoka kwenye alama yake unaongezewa sekunde mbili kwa kila koni, ukipita geti lisilo lako raundi hiyo haina muda. Njia yetu ni ya dakika moja hivi, kwa hiyo unaishia gia ya pili tu, mara chache ya tatu, na hizo kelele mnazosikia ni changarawe inapiga chini ya gari siyo spidi ya ajabu. Wamarekani wanaucheza kwenye lami, viwanja vya kupaki magari na viwanja vya zamani vya ndege, chama chao cha mchezo wa magari, SCCA, kilianza 1944 na ubingwa wao wa taifa wa mchezo huu unachezwa toka 1973. Majirani zetu Kenya wanaucheza kwenye vumbi na wana mpaka daraja la watoto wadogo na vigari vyao. Sisi tumechukua vumbi la Kenya tukalitia sheria za koni za Marekani na inatutosha.

Nirudi kwenye jambo langu. Sekunde 14. Sekunde 14 kwenye njia ya dakika moja ni nyingi mno na mtu mgeni akiziona anaamini ni gari. Anasema mimi nina Vitz, yule ana Subaru, nitafanyaje. Na sisi tunamuacha aamini hivyo, hilo ndo kosa letu, kwa sababu kila mmoja wetu mwenye miaka mitatu minne kwenye mchezo anajua ukweli, kwamba ukimweka yule fundi wetu wa Iyunga ndani ya ile ile Vitz, tairi zile zile, upepo ule ule, angepunguza sekunde tisa au kumi kabla hajafungua hata boneti. Gari ilikuwa inamdai labda sekunde nne. Zilizobaki zilikuwa kwenye macho na miguu.

Nasema macho kwanza. Mtu anayeanza anaangalia koni iliyo mbele ya boneti, akiifikia ndo anatafuta nyingine, kwa hiyo kila koni kwake ni habari mpya na kila koni anaigeuzia kwa kushtuka. Aliyekomaa koni ya kwanza kashaimaliza zamani, macho yake yapo ya tatu, mikono inafuata yenyewe. Gari inaenda unakoangalia, jamani, hata bodaboda anajua hilo, ukiliangalia shimo unaingia shimoni.

Alafu miguu. Anayeanza anabeba spidi mpaka ndani ya kona ndo anakumbuka breki, na breki ya katikati ya kona kwenye changarawe wote tunaijua inavyofanya, uzito wote unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, mkia unatoka, unajikuta unaangalia ulikotoka. Au kinyume chake, ameingia na spidi kubwa tairi za mbele zimeshachoka kushika, gari inakataa kugeuka inaenda tu moja kwa moja, na yeye kwa hofu anaongeza stelingi, anaizungusha mpaka mwisho, kumbe hapo dawa ni kuachia mafuta kidogo na kurudisha stelingi kidogo mpaka tairi zishike tena ndo uombe kona upya. Sasa hilo utamwambiaje mtu akakuelewa? Kurudisha stelingi wakati gari inakataa kugeuka! Akili yote ya binadamu inasema ongeza. Ukimwambia akiwa amesimama nje ya gari anaitikia ndiyo Mama, nimeelewa Mama, akiingia anafanya kile kile. Inabidi uwe naye ndani wakati inatokea, sekunde ile ile.

Na kuna wale wa katikati, niwaseme kidogo kwa upendo maana naona wako wengi humu. Wameshamaliza mwaka, hawapotei tena, wameonja utamu wa kuserereka. Hawa ndo ninaowaogopa kuliko wageni. Mgeni anaenda taratibu kwa hofu, huyu wa katikati hofu imetoka na ujuzi haujafika, kila kona anaitupa gari, vumbi linapanda, watu wanapiga makofi, saa inasema ameongeza sekunde moja na nusu. Tairi inayoserereka imeshaacha kushika, mnalijua. Aliyekomaa ukimtazama kwa nje unasinzia, anafunga breki mapema kuliko unavyotegemea, ananyoosha gari, anakanyaga mafuta, hakuna la kusimulia. Unakuja kushtuka kwenye karatasi ya muda.

Baba yangu aliendesha lori Dar kwenda Tunduma miaka mingi, wazee wengine hapa mlimjua. Hakwenda shule yoyote ya udereva wakati anaanza, alianza kama utingo. Na utingo anakaa wapi? Siti ya kushoto. Alikaa kushoto kwa dereva mwenye lori karibu miaka minne, anashika jeki, anafunga turubai, analala chini ya tela kulinda mzigo, na kila safari wakiteremka Kitonga anaangalia mguu wa yule mzee. Baba alikuwa anatuambia mzee yule hakuwahi kumfundisha kwa maneno hata siku moja, alichofanya ni kabla ya mteremko kuanza anarudisha gia chini, anamwangalia utingo wake machoni, basi. Safari ya pili anarudisha gia, anamwangalia. Safari ya tano baba akawa anajua kabla lori halijafika kwenye kona kwamba sasa hivi mkono utaenda kwenye gia, kwa nini uende, na ungechelewa ingekuwaje, maana waliochelewa alikuwa anawaona wamelala bondeni njia nzima. Siku aliyopewa usukani mwenyewe mwili ulikuwa unajua tayari.

Barabara kuu ya nyanda hizi imejengewa madereva namna hiyo, miaka na miaka, mtu kushoto wa mtu. Alafu sisi tunaojiita wapenda gari tumekuja kuanzisha mchezo ambao kila mtu yupo peke yake ndani ya gari yake na siti ya kushoto ina begi na chupa ya maji.

Hata wale wakubwa tunaowasifia. Safari Rally ilianza 1953, wakati huo inakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii. Mwaka 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7, hebu fikiria matope ya mwaka huo. Na 1965 akashinda Joginder Singh na Volvo, wazee mnalijua jina, Simba wa Kenya, baadaye akashinda tena 1974 na 1976. Kila mtu anamkumbuka Joginder. Pembeni yake 1965 alikaa mdogo wake, Jaswant. Ushindi ule ulikuwa na watu wawili ndani, na mmoja hakushika stelingi wakati mwenzake anaendesha ila bila yeye gari haifiki.

Mimi mwenyewe niliokolewa na siti ya kushoto. Siku yangu ya kwanza niliendesha IST, nilipotea raundi tatu kati ya tano, na kuna bwana mmoja mzoefu, simtaji na wala sitaki mumtafute, nilimuuliza niweke upepo kiasi gani akanijibu jaza mpaka 45 itakuwa nyepesi. Nikajaza 45. Nyie mnacheka mnaojua, gari ilikuwa inadunda juu ya changarawe kama mpira, haishiki kitu, na nikamwona anawakonyeza wenzake. Nilitaka kurudi nyumbani nisije tena. Akaja mzee mmoja mwenye Corolla ya zamani, hatunaye tena duniani Mungu amrehemu, akagonga kioo akasema binti, fungua huku. Akapanda kushoto. Kwanza akanishusha tukatoa upepo mpaka 30, akapanda tena, akafunga mkanda, tukaingia. Njia nzima alisema neno moja tu, "mbele". Nikikaribia koni, "mbele". Nikitaka kuiangalia iliyo pembeni, "mbele". Nilitoka na muda wangu umepungua sekunde sita. Alafu akanichukua kwenye Corolla yake nikakaa kushoto mimi, na hapo ndo nilipoona kwa macho yangu mtu anafunga breki wakati mimi bado ningekuwa nakanyaga mafuta, na bado ananiacha mbali. Sijawahi kusahau mkono wake ulivyokuwa umetulia kwenye stelingi. Mimi nilikuwa naikaba stelingi kama mtu anayezama, yeye alikuwa ameishika kama anashika yai.

Huyo bwana wa 45 bado anaendesha mahali na ana vikombe vyake. Sina kinyongo. Ila nilipomsikia kijana wa Vitz anasema ya wenyewe nilijiuliza, hivi sisi tumekuwa yupi kati ya wale wawili. Hatujamdanganya, hilo kweli. Tulimnyamazia tu, na kwa mgeni sijui kama kuna tofauti kubwa.

Najua kuna wanaosema Mama sasa nikimfundisha atanipita. Ndiyo, atakupita! Yule mzee nilimpita mwaka wa tatu kwa nusu sekunde na siku hiyo alinunua soda za uwanja mzima. Na kuna wanaosema ushindani utapoa. Kwa Wamarekani kwenye mbio zao kubwa za Septemba pale Lincoln, Nebraska, wanakuja madereva elfu na zaidi, na ni kawaida kabisa watu wawili wanaoshindana daraja moja kutumia gari moja, huyu anashuka yule anapanda, wanamwagia tairi maji pamoja zipoe alafu wanatafutana kwa sehemu ndogo za sekunde. Ushindani haujapoa.

Kuhusu gari kutolingana, kamati imekubali tuanze kutumia namba ya kuzidishia kama wanavyofanya wao. Nielezee na namba za mfano tu. Gari kali kuliko zote inapewa 1, nyingine zinashuka chini kulingana na uwezo. Tuseme Subaru ya turbo ni 0.95 na Vitz ni 0.80. Subaru imetoka na sekunde 54, zidisha, 51.3. Vitz imetoka na 62, zidisha, 49.6. Vitz kashinda. Na tukumbuke huku tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake hivi hivi tu, yani hizi gari ndogo zinateseka zaidi huku kuliko Dar, kwa hiyo mtu wa turbo asije kunililia kesho kwamba anaonewa.

Usalama sasa, niliahidi. Kesho kila dereva ana zamu ya koni, raundi moja unaendesha raundi inayofuata upo uwanjani, hakuna mkubwa. Ukiwa kwenye koni simu inabaki mfukoni, huipi mgongo gari iliyo kwenye mwendo hata kama ipo mbali, huikimbilii koni mpaka gari iwe imeshapita, ukiona hatari unanyanyua bendera nyekundu na dereva ukiiona unasimama hapo hapo, raundi utarudishiwa. Mtungi wa moto upo kila kituo. Na hapa pia niseme, mtu aliyesimama kwenye koni kona ya nne anaona breki za gari 30 kwa siku moja, anajua nani anafunga mapema nani anachelewa kuliko tunavyojua sisi tulio ndani, kwa hiyo wageni msione zamu ya koni ni adhabu. Na wenye ABS, zile breki zinazozuia tairi isifunge, kwenye changarawe ABS inakurefushia kusimama, tairi inayofunga inajikusanyia changarawe mbele yake ikasimama, ABS hairuhusu hilo, kwa hiyo anzeni breki mapema msije kumalizikia kwenye meza ya saa.

Ninachoomba ni hiki na kamati nimeshaongea nayo. Raundi mbili za kwanza kesho ni za mazoezi, hazihesabiwi. Kwenye hizo mbili hakuna gari yoyote kuingia na siti ya kushoto tupu. Raundi ya kwanza mzoefu anakaa kushoto kwa mgeni, ya pili mgeni anakaa kushoto kwa mzoefu, helmeti wote wawili, mikanda wote wawili, watoto hapana. Raundi za kuhesabiwa kila mtu peke yake kama kawaida. Na wazoefu nawaomba mkikaa kushoto msihubiri. Mgeni kichwa chake kimejaa tayari, mpe neno moja, lirudie. Msiguse stelingi yake. Akipotea kwenye koni msicheke, mwambie geuza twende. Na mkiwa mnaendesha na yeye yupo kushoto endesheni kama mnavyoendesha kweli, msimtafutie vumbi la kumfurahisha, aone breki inaanza wapi.

Na mkishuka mkae wote mezani. Kesho kuna makande na chai ya Rungwe, safari hii hatutakuwa na kundi la Subaru kule na kundi la Vitz huku, tumeweka meza moja ndefu makusudi.

Majina ya nani na nani yamebandikwa pale mlangoni, ukiona hujapangiwa mtu uniambie usiku huu huu. Wa Iringa tumewachanganya na wa Mbeya. Helmeti za ziada zipo mbili kwenye buti la gari yangu, moja ndogo moja kubwa. Kutembea njia ni saa 2 kamili, gari ya kwanza saa 3, upepo tutapima wote pamoja kabla ya hapo na aliyezidi atatolewa upepo mbele yangu.

Kijana wa Vitz nilimpigia juzi. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, alafu akauliza kama anaweza kuja na dada yake naye aangalie. Nikamwambia aje naye. Amepangwa gari ya sita, na kushoto kwake nakaa mimi. Ndaga fijo, chai isipoe.